Uzoefu wangu: mihula mitano katika shule ya msingi ya Kikatoliki, na ile saa ya tafakari kabla ya kufunga shule

Watoto wangu wawili wanasoma shule ya msingi inayoendeshwa na masista. Binti yangu yuko darasa la tano, mdogo wake la pili. Tumefunga muhula wetu wa tano pale, siku chache kabla ya Juma Kuu, nami nimeona niandike mambo yakiwa bado mabichi, kwa ajili ya mzazi anayejiuliza kama ampeleke mwanawe shule ya namna hii. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu ninayo ya kulalamikia, na moja kati ya hayo liliniumiza sana.

Tunapoulizia shule, wengi wetu huanza na matokeo ya mitihani. Mimi pia nilianza hapo. Leo ukiniuliza ni kitu gani kinanifanya nilipe ada kwa moyo mweupe, nitakutajia saa moja ya mwisho wa muhula isiyo na alama wala nafasi. Wao huiita tafakari.

Hufanyika siku mbili kabla ya kufunga. Mitihani imeshasahihishwa, lakini ripoti bado ziko kwa mwalimu wa darasa, na hilo ni la makusudi: mtoto akishajua ameshika nafasi ya ngapi, hana tena akili ya jambo jingine. Kila mmoja hukaa na daftari lake, darasa likiwa kimya, mwalimu akiwaongoza kwa hatua tano. Wanaanza kwa kushukuru, wanaomba mwanga wa Mungu, wanapitia yaliyotokea, wanaomba msamaha, mwisho wanaazimia. Ni njia ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, kutoka katika mwongozo wake wa mazoezi ya kiroho ambao Papa Paulo III aliuidhinisha mwaka 1548. Inyasi aliikusudia kwa siku moja; shule imeirefusha ikae muhula mzima, na hatua ya tatu wameivunja iwe maswali ambayo mtoto anaweza kuyashika. Nani alikusaidia ukiwa umekwama? Nani uliyemuumiza? Ni lini uliogopa, ukafanya nini?

Nilikuwa na wasiwasi juu ya yule mdogo. Mtoto wa miaka saba ana nini cha kutafakari? Nilimuuliza katekista, naye akanikumbusha kwamba mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi aliagiza watoto wapokelewe kwenye Kitubio na Komunyo wanapofikia umri wa kupambanua, akauweka umri huo karibu na miaka saba. Ikiwa Kanisa linamwamini mtoto wa umri huo kwamba anaweza kuitazama dhamiri yake na kuungama, basi daftari halitamshinda. Na kweli halikumshinda. Darasa la pili huruhusiwa kuchora, naye alichora watoto wawili na mpira, mmoja amempa mwenzake mgongo. "Mama, huyu aliyegeuka ni mimi," aliniambia. "Sikumpa zamu yake." Mambo ya mpira ule yalikuwa yamepita wiki tano nyuma. Sikujua kwamba alikuwa ameyabeba siku zote hizo.

Sasa lalamiko. Muhula wetu wa pili, walimu waliamua kubandika kurasa za tafakari ukutani ili wazazi tuzione siku ya kufunga. Sina shaka kwamba nia ilikuwa njema. Ukuta ulipendeza, rangi nyingi, maua pembeni. Lakini binti yangu alikuwa ameandika kwamba alinakili majibu ya hesabu kwa mwenzake kwenye jaribio, kwa sababu aliogopa kushuka. Nilipoingia darasani nilikuta watoto watatu wamesimama mbele ya ukurasa wake, mmoja anasoma kwa sauti. Binti yangu alikuwa kwenye kona, anajifanya anapanga begi.

Hakulia. Usiku, nikiwa nimeshazima taa, ndipo aliposema, "Muhula ujao nitaandika kwamba nimefurahi."

Ndivyo alivyofanya. Ukurasa wa muhula wa tatu ninao hadi leo: "Nimejifunza mengi. Namshukuru Mungu na walimu wangu." Maneno mazuri, mwandiko safi, na ndani yake hayumo.

Nilibeba madaftari yote mawili hadi ofisini kwa mkuu wa shule. Nilimwambia, "Sista, padre akisikia maungamo hawezi kumwambia mtu yeyote, hata kama ni askofu wake. Iweje dhamiri ya mtoto ibandikwe ukutani?" Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Hakubisha. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akarudi tena kwenye wa kwanza, kisha akasema, "Huyu mtoto tumemfunza kuficha." Akaomba amwone binti yangu, akamtaka radhi yeye mwenyewe, nikiwepo. Naliandika hili kwa sababu shule kukosea ni jambo la kawaida, lakini mkuu wa shule kumwomba msamaha mtoto wa darasa la nne sijaliona kwingine.

Kuanzia muhula uliofuata kila mtoto hupewa kurasa mbili: moja ya kushirikisha, nyingine ya kukunja. Ya kukunja haisomwi na mwalimu, haisomwi na mzazi, ni ya mtoto na Mungu wake, na anaweza kuichana akitaka. Kabla hawajaanza mwalimu huwaambia waziwazi kwamba anayeumizwa na mtu, awe mkubwa au mdogo, nyumbani au shuleni, asiishie kwenye karatasi ya kukunja, aje aseme, na huwatajia ni nani wa kumwendea. Nilipenda kwamba walilifikiria hilo bila kusukumwa. Siri ya mtoto haitakiwi kuwa maficho ya mtu anayemdhuru.

Siku ya kufunga yenyewe, mtoto ndiye anayemweleza mzazi. Mwalimu hukaa pembeni, anaingia akiitwa. Ukurasa wa kushirikisha unatangulia, madaftari ya masomo yanafuata, ripoti inakuja mwisho kabisa. Muhula wa nne binti yangu alinifungulia ripoti, hesabu ina 58. Muhula ule alionakili alikuwa na 71. Kabla sijasema neno, aliweka kidole juu ya namba akasema, "Hii yote ni yangu, Mama." Ningekabidhiwa ripoti ile mlangoni, kama nilivyozoea, ningeanza kumuuliza kwa nini ameshuka.

Nasi wazazi tunapewa karatasi. Sista hufungua kikao kwa kutukumbusha tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, juu ya malezi ya Kikristo, la 28 Oktoba 1965, linalosema wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Nilishalisikia mara nyingi kanisani, nikilichukua kama sifa. Kwenye karatasi ile limegeuzwa kuwa swali: muhula huu, ni lini ulimsikiliza mtoto wako hadi akamaliza, simu ikiwa mbali? Nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu. Baba mmoja pembeni yangu aliuliza kama na sisi tunayo ya kukunja. Tunayo.

Upande wa shughuli, kubwa ya muhula huu ilikuwa igizo la Njia ya Msalaba, ibada ya kufuata mateso ya Yesu kituo kwa kituo, lililoandaliwa na watoto wenyewe, vituo vyote 14 vikizunguka uwanja wa michezo. Darasa la binti yangu lilipewa, pamoja na kingine, kituo cha tano, Simoni Mkirene anapomsaidia Yesu kubeba msalaba. Mwalimu wao hakuwapa maneno ya kukariri tu. Aliwauliza kwanza kama Simoni alijitolea. Wakarudi kwenye Injili, wakakuta alilazimishwa. Mjadala ule ulihamia nyumbani kwangu kwa wiki nzima, maana kuna mtu hulazimishwa kila jioni kumsikiliza mdogo wake akisoma. Hatimaye alitoa uamuzi wake mezani: msalaba ulipungua uzito vilevile, Simoni awe alitaka au hakutaka. Tangu hapo kazi ya jioni haina mabishano makubwa.

Hapa nina lalamiko la pili, na hili halijaisha. Wanaosoma kwa ufasaha ndio waliopewa maneno, wanaosuasua wakawekwa kwenye umati. Mwanangu mdogo amekuwa umati mara tatu mfululizo. Nimelisema. Kwa Misa ya kufunga wamebadilisha, maombi ya waamini sasa husomwa kwa kura, kila darasa ombi moja, na mtoto aliyepata hufundishwa sentensi yake hadi aiweze. Muhula huu mmoja alikwama katikati. Kanisa lote lilisubiri, akamalizia, tukaitikia. Hakuna kilichoharibika. Basi na kwenye igizo wafanye hivyo.

Kwaresima yote watoto walikuwa na visanduku vya akiba, vilivyoratibiwa na kikundi chao cha Utoto Mtakatifu. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, kwa wazo ambalo mtoto analielewa mara moja: watoto wawasaidie watoto, kwa sala fupi ya kila siku na sarafu ndogo. Visanduku vyote humwagwa kwenye kapu moja kabla ya vitolea, na hatangazwi aliyetoa kingi. Mtoto aliyeweka sarafu mbili hutembea mstari mmoja na aliyejaza.

Siku ya michezo ilikwenda vizuri. Hotuba baada ya Misa zilikuwa ndefu mno kwa watoto wa madarasa ya chini, wengine walisinzia wamesimama; zipunguzwe.

Kwa mzazi asiye Mkatoliki: watoto wa dini na madhehebu mengine wapo, na kwenye shule yetu Misa ya kufunga wote huhudhuria. Wakati wa Komunyo asiyepokea anaweza kukunja mikono kifuani akapewa baraka, au akabaki amekaa, na sijaona mtoto akisemwa kwa lolote kati ya hayo. Ila shule hazifanani, uliza kabla ya kujaza fomu.

Na ukifika kuuliza, usiishie kwenye ufaulu na mabasi. Uliza watoto wakiandika mambo ya ndani, nani huyasoma. Uliza ripoti hutolewa kabla ya mtoto kusema chochote au baada. Omba uone daftari la muhula uliopita, lile la kushirikisha, la mtoto ambaye si wa kwanza wala wa pili darasani, kwa ruhusa yake. Nilipomwomba sista alinionyesha la mvulana mmoja wa darasa la sita, aliyekuwa amekubali: mistari minne, yenye makosa ya tahajia, kuhusu siku aliyomwogopa mwalimu wake na jinsi alivyomwambia. Mwalimu huyohuyo ndiye aliyekuwa amesaini chini.