Heda ya stimu paipu ama stenlesi ya mtandaoni? Tabo kwa Corolla 110, Nakuru

Haya wasee, mambo vipi, karibuni tena gereji. Leo maneno ya kuanzia ni kidogo juu meza imejaa. Hapa kushoto kuna heda ya stenlesi inang'aa, ile ya kuagiza mtandaoni (heda ni zile paipu za kutoa moshi kwa injini hadi kwa tabo), katikati ni tabo, ile feni inazungushwa na moshi ikisukuma hewa zaidi kwa injini, na kulia hii kitu nyeusi imekaa vibaya vibaya ni heda imechomelewa hapa hapa Nakuru na fundi wetu wa jua kali. Zote mbili zimekaa kwa hii 110 yangu ya injini ya 5A, kwa hivyo siongei mambo ya kusikia. Na nawaambia mapema kabla mtu aanze kuruka ruka video: pesa yako usiimalize kwa tabo, iweke kwa heda.

Tuanze na tabo tumalizane nayo haraka. Hii ni TD04L, eks-Japani, imetoka kwa Forester ya lita mbili. Kwa injini ya 1500 kama hii ni kubwa kidogo, inakawia kuamka, ile ndogo ya Starlet ya tabo, CT9, ingeamka mbio kuliko hii lakini enda uitafute uone kama utaipata. TD04 ziko, ukiuliza maduka ya spea utaonyeshwa. Sasa ukionyeshwa usiangalie vile imepigwa brashi ikang'aa. Shika shafti na vidole viwili, itingishe juu chini. Kamchezo kidogo sawa, hiyo shafti huelea kwa oili na saa hii ni kavu, lazima icheze. Alafu ivute nje uisukume ndani, na hapo ukisikia imesonga hata kidogo mrudishie mwenyewe na umwambie asante. Angalia mapanga ya feni upande wa hewa kama kuna yenye imeng'olewa meno, na fungua upande wa moto uangalie karibu na shimo la westigeti, ule mlango wa kupitisha moshi uliozidi, hapo ndio hupasuka. Ufa mwembamba kama nywele pale si mwisho wa dunia, ufa wa kuingiza kucha achana nayo.

Sasa, kabla ya heda, jambo moja la sisi watu wa juu. Nakuru tuko kama mita 1,850 kutoka bahari. Presha ya hewa hapa ni kama kilopaskali 81, Mombasa ni 101. Maana yake hii 5A hata ikiwa mpya, hapa inapumua hewa pungufu karibu asilimia 20, ndio maana ukipanda na watu wanne na mizigo unabaki kukanyaga tu na gari iko pale pale. Mimi nimeweka busti, yaani presha yenye tabo inaongeza, ya psi 6, hizo ni kilopaskali 41 hivi. 81 ujumlishe 41 unapata 122. Umeona hapo? Nusu ya busti yangu imefanya kazi ya kunirudisha Mombasa, ile nusu ingine ndio faida. Mtu wa Mombasa asiige namba zangu, yeye na psi 6 yuko 142, na hii injini kompreshini yake ni 9.8 kwa 1, itaanza kugonga, petroli inajilipukia yenyewe ndani, kabla ajue ni nini. Na pia usidhani sisi tumepona, tabo yenyewe huku inazunguka zaidi kuleta ile psi 6, Mombasa inazidisha hewa mara 1.4, hapa ni 1.5, ukifika Timboroa, juu zaidi yetu, imepita hapo. Mzunguko zaidi, joto zaidi.

Haya, heda. Kamera kuja hapa karibu, karibu kabisa. Hii ya stenlesi. Paipu ni nyembamba, milimita moja na nusu. Angalia rangi kwanza, huku kwa silinda imekuwa ya dhahabu, ikishuka inaenda zambarau, alafu samawati, inapendeza kusema ukweli, ukifungua boneti pale stendi ya petroli watu wanakuja. Sasa angalia hapa paipu nne zinapokutana. Umeona huo mstari? Hiyo si kalamu. Ufa umeanza ukingoni mwa weldi, haukupita kwa weldi yenyewe, umepita kando yake, kwa ile chuma iliyopikwa na moto wa kuweldi. Ukizungusha ndani utaona punje punje nyeusi kama sukari imeungua, hiyo ni ishara mwenye kuweldi hakujaza gesi ya agoni ndani ya paipu wakati alikuwa anachomelea. Nje maridadi, ndani imeoza.

Lakini hata ingeweldiwa vizuri bado ingekuwa na shida. Stenlesi hutanuka sana kuliko chuma ya kawaida. Chukua paipu ya sentimita 40, ipandishe digrii 700, stenlesi itaongezeka karibu milimita 5, chuma ya kawaida tatu na kitu. Sasa hiyo kitu inatanuka na kurudi kila safari, na hapo mwisho umeningʼiniza tabo ya kilo kadhaa na dauni paipu yake, ile ya kushusha moshi kutoka kwa tabo, bila mkono wa kuishikilia. Itapasuka tu. Barabara zetu nazo unazijua. Stenlesi nzuri iko, paipu nene, imeshikiliwa, na watu wa mashindano wanatumia. Lakini hii ya bei ya kati yenye inauzwa na picha nzuri, mimi siipendekezi, na duka sitaitaja.

Njoo huku kwa hii nyeusi. Hii ni stimu paipu, inchi moja na robo, skejuli 40, hicho ni kipimo cha unene wa ukuta. Zile paipu za boila, viwanda vya majani chai kule Kericho vinazitumia, na kwa maduka ya vyuma ziko pamoja na elbo zake za kuweldi. Nje ni milimita 42, ukuta milimita tatu na nusu, ndani inabaki 35. Chukua elbo ndefu, ile fupi inakata pumzi. Na tafadhali, tafadhali, fundi akikuletea paipu ya maji ile imepakwa zinki, mwambie hapana. Moshi wa zinki unamlaza fundi na homa usiku huo, na hata ukiikwangua nje, ndani bado iko.

Umbo lake ni lile la logi, fupi, silinda zote zinamwaga kwa paipu moja alafu tabo inakaa katikati. Najua kuna wataalamu wataniambia ati paipu ziwe urefu sawa ndio hewa itoke kwa mpangilio. Ni kweli, juu kule kwa mizunguko mingi zinasaidia. Lakini fungua boneti ya 110 uone: ekzosti iko mbele, inaangalia redieta, nafasi iliyobaki hapo ni ya kubishana na feni. Nyoka nne za urefu sawa utaziweka wapi? Logi fupi inashika joto, tabo inaamka mapema, na mimi naendesha barabarani, sishindani na mtu. Hata hivyo feni ya zamani ilitoka, nikaweka ile nyembamba ya stima.

Vile fundi alifanya, na hapa ndio nataka usikize. Flanji, ile bamba ya kufunga heda kwa injini, ni ya milimita 12, mashimo yametolewa kwa gaskiti ya zamani. Aliifunga kwa silinda hedi mzee, moja imekufa ilikuwa kona ya gereji, akakaza nati zote, ndio akaanza kupiga nukta nukta, hii upande huu, hii upande ule, hakumaliza paipu moja akaenda ingine. Baada ya kuweldi akaiacha imefungwa hapo mpaka ikapoa yenyewe, hakuna maji. Alafu tukaipeleka kuskimiwa, yaani uso usawazishwe na mashine, tukakata flanji katikati ya mashimo ili kila kipande kitanuke kivyake. Nikiweka rula hapa, angalia, mwanga haupiti. Ile ya stenlesi nikiweka rula, ona, hapa kwa silinda ya nne unaweza pitisha wembe, na mwanzo ilivuja hapo hapo, tsk tsk tsk kila asubuhi.

Kitu kingine, lazima fundi awe na tigi, ile weldi ya gesi ya agoni, angalau ile weldi ya kwanza ya ndani. Rodi ya kawaida inaacha takataka ndani ya paipu, na siku ikibanduka inaenda moja kwa moja kwa mapanga ya tabo. Ubaya wa hii heda? Nzito, haina sura, na chuma ya kawaida kwa joto hilo inatoa maganda ya kutu, kwa hivyo itaisha polepole. Ukuta wa milimita tatu na nusu una mengi ya kuisha. Bei, fundi aliniitisha chini ya nusu ya ile ingine, na kuskimu ikiwa ndani.

Oili nitapita haraka lakini msilale. Ya kuingia tumechukua pale kwa swichi ya presha ya oili, na kiunganishi cha njia tatu. Ya kurudi ndio huua tabo za watu: iwe nene, ishuke bila kupanda mahali popote, iingie sampu, ile karai ya oili chini ya injini, juu ya kiwango cha oili. Ikijikunja tu, oili inarudi nyuma, inapita sili na unaanza kutoa moshi wa bluu, unalaumu tabo na tabo haina makosa. Na usipake silikoni pale, gaskiti tu. Kipande cha silikoni kikiingia kwa njia ya oili umemaliza.

Barabarani sasa. Nimeipeleka Salgaa nikapanda Sachangwan mpaka Mau Summit. Zamani hapo nilikuwa narudi gia ya tatu na lori inanipigia honi, saa hii gia ya nne inapanda, busti inaingia kama mizunguko elfu tatu, si kurushwa, ni kama gari imepunguziwa mizigo. Joto la maji halikusonga. Kelele imepungua badala ya kuongezeka, tabo inameza mlio, mzee wangu alidhani nimeitoa.

Stenlesi naipa tatu kwa kumi na hizo tatu ni za rangi. Stimu paipu nane. Ingepata tisa kama ningekuwa nimeshaiweka mkono wa kushikilia tabo kwa bloku, huo unachongwa wiki hii.

Na kabla uniulize kama 110 yako itakubali, enda upime kompreshini ya silinda zote nne kwanza. Kama moja iko chini sana ya wenzake, nunua ringi za pistoni, achana na tabo. Kama ziko sawa, bado hujaanza mpaka upange sindano za petroli na kompyuta, juu 5A ikikosa petroli kwa busti inayeyusha pistoni hata heda ikiwa ya nani. Hiyo ya sindano ndio video inafuata, vifaa viko hapa chini ya meza.