Ufukwe wa Paje: kugawa eneo au kugawa saa?

Paje, Unguja, kina mama wa mwani na wachezaji wa kaiti (wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara) wanatumia maji yaleyale. Watenganishwe kwa maboya au kwa saa?

Maboya yana gharama: nanga, kamba, boya lenyewe. Kamba ikiwa fupi, bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) likijaa boya huzama au huburuta nanga. Ikiwa ndefu mno, maji yakitoka boya hutangatanga hadi shambani. Kagua kamba kila mwezi pale inapofungwa kwenye nanga, maana ndipo inapolika. Lakini mgeni aliyefika leo anauona mpaka kwa macho, na hilo ni kubwa. Vigingi vya mwani vikifunikwa na maji havionekani. Vinajeruhi mguu, na kamba ya mwani ikikatika, jasho la wiki sita limekwenda na maji.

Saa zinahitaji ubao na chaki tu. Mwani huhudumiwa bamvua likitoka, kaiti hutaka maji yajae. Ila maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo ubao wa jana unapotosha.

Mashamba yakiwa mbali na njia ya kaiti, ubao unatosha. Yakipakana, weka maboya, na kina mama ndio waoneshe pa kuyatia.