Miezi 8 na kifurushi cha chini kabisa cha faiba

Nafundisha hisabati kwa simu ya video, jioni, wanafunzi wakishatoka shule na kuoga. Kipato changu ni cha kuhesabu, na intaneti ya nyumbani ina fungu lake: likizidi, kuna kitu kingine humu ndani kitakosa. Kwa hiyo msitegemee nisifie kasi za ajabu. Kifurushi ninachokizungumzia ni cha faiba, yaani intaneti ya waya, cha megabiti 10 kwa sekunde, cha mwisho kabisa kwenye orodha. Wakala alikipita haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Kabla yake nilikuwa na ruta ya laini ya simu, ile unayochomeka kwenye umeme na kuanza kutumia bila kumsubiri fundi. Kampuni siitaji. Tangazo lilisema hadi megabiti 40, bila kikomo. Wiki ya kwanza nilitamba kweli. Asubuhi ilikuwa inapaa. Sasa kazi yangu mimi si ya asubuhi. Siku moja naeleza kujumlisha sehemu, nimefika pale pa kulinganisha asili, picha ikaganda mdomo wangu ukiwa wazi. Mwanafunzi alingoja dakika nzima akidhani nafikiri. Mama yake ndiye aliyenipigia: "Mwalimu, upo? Huku umeganda kama picha ya kitambulisho."

Usiku ule nikachukua daftari la watoto lililobaki kurasa chache nikaanza kuandika vipimo. Nilitumia fast.com, kwa sababu inafunguka kwenye simu yoyote na haina mbwembwe. Mara 3 kwa siku, siku 7. Saa 1 asubuhi: 34, 36, 31. Saa 8 mchana: 19, 22. Saa 3 usiku: 1.8, 2.3, 1.1. Siku ya saba usiku haikufunguka kabisa, nikaandika sifuri na kulala.

Hakuna aliyeniibia. Mnara mmoja unagawana uwezo wake kwa kila aliye karibu nao, na saa 3 usiku kila mtu yupo nyumbani, simu mkononi, televisheni inawaka. Ujanja wote umo kwenye lile neno "hadi". Faiba nayo hugawanywa, wala wasikudanganye kwamba waya ni wako peke yako, ila uwezo wake ni mkubwa kiasi kwamba mtoa huduma asipojaza wateja kupita kiasi, hutaona tofauti.

"Bila kikomo" nayo nikaja kuifahamu baadaye, kwenye maandishi madogo. Ukifika gigabaiti 100 kwa mwezi unashushwa hadi megabiti 1. Mimi ni mtu wa hesabu, nikakaa nayo: Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa. 100 gawanya kwa 3 ni saa 33 na kidogo. Nyumba yenye watoto 2 wakati wa likizo inazimaliza kabla ya wiki 2, kisha mwezi uliobaki unatambaa. Sasa swali langu la kwanza kwa wakala yeyote ni hili: "Nikifika ukomo wenu, mnanishusha hadi ngapi?" Akianza kuniambia kwamba wateja wengi hawafiki huko, najua jibu ni baya.

Nilipoamua kuhama, nilifanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo: niligonga milango ya majirani. Ramani ya kampuni inaonyesha tu mahali waya unapofika. Jirani ndiye anayejua kama unafanya kazi. Wa chini alikuwa na huduma ya kampuni niliyokuwa naipigia hesabu, yenye ofa ya kufungiwa bure na ruta bure. Akacheka. "Mwalimu, hiyo usiku inalala kabla yetu." Akanionyesha na mkataba: miezi 24, bei ya ofa ni ya miezi 3 ya mwanzo tu, na ukiondoka mapema unalipa miezi yote iliyobaki. Bure ya namna hiyo ni deni lililovaa suti. Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa na kampuni ndogo ninayoitumia sasa. Akaniruhusu nikae sebuleni kwake saa 3 usiku na simu yangu. Nikapima mara 4. Yeye ana megabiti 20. Hakuna kipimo kilichoshuka chini ya 18.

Mimi nikachukua 10, naye wakala akanihurumia waziwazi. Nikamwonyesha daftari. Simu yangu ya video haifikishi megabiti 4. Netflix wanapendekeza 5 kwa picha kamili ya HD, na 3 kwa HD ya kawaida, ambayo kwenye televisheni yetu ndogo huwezi kuitofautisha. 4 na 5 ni 9. Inatosha, mradi mtu asipakue michezo ninapofundisha. Ila mjue hizi ni biti, si baiti. Baiti 1 ni biti 8, hivyo megabiti 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, na faili la megabaiti 700 linachukua zaidi ya dakika 9. Wengi hulalamika wameibiwa, kumbe wamechanganya herufi kubwa na ndogo: Mb ni megabiti, MB ni megabaiti.

Nilichokihoji zaidi ni kasi ya kupandisha, yaani ya kutuma picha na sauti kutoka kwangu. Vifurushi vingine vinakupa 10 za kushusha na 2 za kupandisha, na anayefundisha kwa video anaishi kwa hizo za kupandisha. Hiki changu ni 10 kwa 10. Kingekuwa pungufu, nisingekichukua hata kwa nusu ya bei.

Kufungiwa nililipa mwenyewe, kiasi sawa na miezi 2 ya huduma, na iliniuma. Lakini sina mkataba: nalipa mwezi kwa mwezi.

Mabaya yapo. Fundi alikuja siku ya tatu badala ya siku ya kwanza, akaupitisha waya nyuma ya kabati na kuukunja kwenye kona kama kamba ya viatu. Ndani ya waya ule kuna uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Ukikunjwa sana, mwanga unavuja. Baada ya wiki 2 taa iliyoandikwa LOS ikawaka nyekundu, maana yake ishara imepotea. Siku 3 hatukuwa na kitu. Huduma kwa wateja waliniambia nizime na kuwasha ruta mara 5, kana kwamba kioo kinajinyoosha kwa kuzimwa. Fundi wa pili akabadilisha kipande kile kwa dakika 10, kisha akataka kuniuzia kifaa cha kuongeza nguvu ya waifai chumbani. Nilikataa. Nikaitoa ruta nyuma ya televisheni na kuiweka juu ya rafu kwenye korido, na chumbani kukafunguka. Zile siku 3 walinirudishia, lakini baada ya kudai kwa maandishi. Kwa simu walikuwa wanaitikia tu.

Na umeme ukikatika, ruta inazima hata kama faiba ni nzima. Yangu inatumia volti 12, nikainunulia betri ndogo ya ruta. Somo linaisha gizani, lakini linaisha.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeinyima kwa ajili ya ile kona ya kabati. Wakala bado ananipigia kila mwisho wa mwezi nipande hadi 20. Daftari lipo juu ya friji, na sasa mwanangu mkubwa ndiye anayeandika. Jana saa 3 usiku, mvua ikinyesha, ameandika 9.6, na pembeni yake amechora uso unaocheka.