Kipokezi cha estrojeni au Ki-67: kipi kipimwe kwanza?

Mama wa Kadutu, mjini Bukavu, akikatwa kipande kidogo cha uvimbe wa titi, kipande hicho hutumbukizwa kwenye kichupa cha formalini, kemikali ya kuhifadhi vipande vya mwili, na pale ambapo pesa hazitoshi vipimo vyote, daktari hulazimika kuchagua protini ya kuanza nayo.

Kipokezi cha estrojeni, protini ya seli inayonasa homoni ya estrojeni, hujibu maswali mawili kwa mpigo. Asilimia 1 tu ya viini vya seli za saratani vikishika rangi chini ya hadubini, uvimbe huhesabiwa kuwa na kipokezi, na mgonjwa anaweza kunufaika na tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu kinachomezwa kila siku, kwa kawaida kwa miaka 5 au zaidi. Kwa hiyo kipimo hiki hubashiri mwenendo wa ugonjwa na papo hapo huonyesha dawa. Hata hivyo, saratani ya aina hii inaweza kurudi hata baada ya miaka 10, jambo ambalo wengi husahau kidonda kikishapona.

Ki-67, protini iliyopewa jina kutokana na mji wa Kiel, Ujerumani, huonyesha seli zilizo katika kujigawa. Seli hizo zikiwa asilimia 5 au chini hutuliza moyo, 30 au zaidi huonya. Katikati ya hapo wataalamu wawili wakitazama kioo kilekile cha hadubini wanaweza kutofautiana, nami nisingeamua tiba ya kemikali kwa asilimia 18 peke yake. Kwa pesa ya kipimo kimoja, ningelipia kipokezi, mradi kipande kiwe kimetiwa formalini ndani ya saa 1.