Makava ya mpira ya boljointi na tairodi endi: uzoefu wangu

Nilikuwa nabadilisha pedi za breki, gurudumu liko nje, tochi mkononi, nikaona makava ya boljointi za chini, yaani viungo vya mpira wa chuma vinavyoruhusu gurudumu kugeuka na kupanda na kushuka, yamepasuka yote mawili. Grisi ilishatoka, ikachanganyika na vumbi na maji, ikawa tope jeusi. Ukilisugua tope lile kati ya vidole unasikia mchanga. Mchanga huohuo ndio uliokuwa unazunguka na mpira wa chuma ndani ya kikombe chake kila nikikata kona. Tairodi endi, yaani viungo vya mwisho wa vyuma vinavyopeleka mwendo wa usukani kwenye magurudumu, zilikuwa na hali nafuu, makava yake yana nyufa lakini bado yameshika grisi.

Uamuzi wangu ulikuwa huu: boljointi zibadilishwe nzima, tairodi endi zivalishwe makava mapya tu. Nilinunua boljointi mpya zenye kitundu cha kupigia grisi, na makava ya poliyurithani (aina ya plastiki inayonyumbuka kama mpira) yanayouzwa peke yake, yale yanayosemekana yanaingia kwenye gari lolote.

Kabla ya kununua kava peke yake, hakikisha jointi yenyewe haichezi. Kwa tairodi endi, inua gurudumu, shika kushoto na kulia, tikisa, huku mwenzako ameweka kidole pale jointi ilipo. Ikicheza, kidole kinasikia kabla ya jicho kuona. Boljointi inahitaji akili zaidi. Kwenye gari la mfumo wa MacPherson, ambalo springi na shokabzoba vimeshikana kama nguzo moja, inua gari kwa bodi, weka stendi, gurudumu lining'inie, kisha sukuma kwa mtaimbo kati ya amu ya chini, yaani mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu kwa chini, na nako, yaani kile chuma kinachobeba habu ya gurudumu. Kama springi ya gari lako imekaa juu ya amu ya chini, jeki iwekwe chini ya amu hiyo, la sivyo springi inaibana jointi na utadhani ni nzima wakati imekwisha. Jointi inayocheza haiponi kwa kava jipya wala kwa grisi. Ibadilishe. Boljointi ya chini ikichomoka, gurudumu linalala na usukani hauna kazi tena, na hapo uhai wa watu ndani ya gari uko mashakani.

Sasa makava yenyewe. Poliyurithani ni ngumu kuliko mpira wa kawaida, hailiwi na mafuta kirahisi na haipasuki mapema kwa jua na hewa. Hilo nimelithibitisha, kwani hadi leo hayana ufa. Shida yake ni mdomo mpana. Kava la kiwandani mara nyingi lina pete ya waya inayolibana kwenye shingo ya jointi. Haya niliyonunua hayana pete, yanategemea kubanwa tu kati ya jointi na nako. Upande wa kushoto limekaa vizuri sana. Upande wa kulia, usukani ukikatwa hadi mwisho, mdomo ulikuwa unanyanyuka kidogo na grisi inachungulia. Nililivalisha pete ya waya ya kava la zamani na likatulia. Kwa bidhaa inayodai kuingia kwenye gari lolote, pete ilipaswa kuwemo kwenye pakiti.

Na neno "gari lolote" usiliamini bila kupima. Pima vitu vitatu: unene wa shingo ya boliti ya jointi pale kava linapokumbatia, upana wa kikombe cha jointi, na urefu wa nafasi iliyopo ikishafungwa. Kava refu mno linajikunja na kubanwa na chuma. Fupi mno linavutika kila ukikata kona na kufungua njia ya maji.

Kutoa jointi bila kuharibu kava ndiko kunakotenganisha fundi makini na fundi wa haraka. Ule uma wa kupiga kwa nyundo unafanya kazi upesi, lakini unachana mpira. Kama jointi inarudi kazini, tumia pula, kile kifaa cha skrubu kinachoisukuma jointi itoke. Au acha nati kwenye nyuzi chache za mwisho, kisha piga nyundo ubavuni mwa tundu la nako, usipige boliti yenyewe. Mshtuko unaachanisha boliti na tundu, vilivyoshikana kwa umbo la pia, yaani pana upande mmoja na jembamba upande mwingine.

Grisi ya zamani niliifuta kwa kitambaa safi hadi ikaisha. Sikumwagia petroli, maana inasukuma uchafu ndani na kuidhoofisha grisi mpya. Nilitia grisi ya lithiamu namba 2, kiasi, bila kulijaza kava pomoni. Likijaa, jointi ikikunjwa grisi inatafuta pa kutokea na inanyanyua mdomo. Hata kwa boljointi mpya zenye kitundu, nasukuma grisi taratibu na kuacha mara tu kava linapoanza kuvimba.

Ile sehemu ya boliti yenye umbo la pia inafungwa kavu na safi, isipakwe grisi kabisa. Boliti ikizunguka pamoja na nati, isukumie jointi juu kwa jeki hadi ikamate. Nati yenye meno ikishafikia nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na tundu la pini halijalingana, endelea kukaza hadi jino linalofuata. Usirudishe nyuma hata kidogo. Nati zenye nailoni ndani niliweka mpya.

Kuvalisha kava peke yake kuna faida ambayo wauzaji hawaitaji: urefu wa tairodi haubadiliki, kwa hiyo magurudumu yanabaki yalivyokuwa yamelenga. Ukibadilisha tairodi endi nzima, weka alama kwenye nyuzi na upeleke gari kwenye alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa mlengo wa magurudumu. Mimi nilipeleka kwa sababu ya boljointi, na ni vizuri kufanya hivyo.

Matokeo: kule kugonga kwenye matuta kumeisha, usukani unarudi wenyewe vizuri baada ya kona, na gari halitangitangi tena kwenye barabara mbovu. Kila nikibadilisha oili napitisha tochi na kidole kuzunguka kila kava. Nikiosha gari, pampu ya maji ya presha siilengi karibu na makava, kwa sababu maji yenye nguvu yanapita chini ya mdomo hata kama kava ni zima.

Boljointi nazipa alama zote. Makava nayapa tatu kati ya tano: mali yenyewe ni nzuri, ufungaji wake haujakamilika. Nikihitaji tena nitatafuta ya mpira wa neoprini yaliyotengenezwa kwa modeli ya gari langu, yenye pete zake, hata kama yatachelewa kufika.