Uzoefu wangu: kunyooshewa mbele ya Land Rover 109 pikapu, Arusha

Nianze na hukumu kabisa, maana najua wengi hamsomi hadi chini: kazi nimeipenda, muda umenikera, na gari likiharibika tena kesho nalirudisha kwa fundi yuleyule.

Gari ni Land Rover Series III, 109 (yaani inchi 109 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma), pikapu, alilonunua marehemu baba mwaka 1983. Limebeba ndizi, majani ya ng'ombe, mifuko ya saruji na maharusi wawili. Kwa miaka kama minane hivi uso wake ulikuwa umeanza kuinama upande wa kushoto. Kwenye Series III taa kubwa zimekaa ndani ya madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu ya mbele, kwa hiyo madigadi ikishuka taa nayo inashuka. Watoto wa jirani wakaliita Mkonyezaji. Boneti ndiyo usiseme: upande wa kushoto karibu na taa kidole changu cha gumba kilipita, upande wa kulia hata sarafu ilikwama. Mlango wa dereva ilibidi uuinue kwa goti ndipo ufunge.

Gereji ya kwanza siitaji. Fundi alilitazama kwa mbele dakika tano, akasema ni kazi ndogo. Alipanua matundu ya bolti kwa drili ili madigadi ipande juu, akagonga pale palipobonyea, akajaza puti, akapiga rangi. Laki na themanini. Lilipotoka lilipendeza, sitaki kumsingizia. Wiki tatu baadaye nikapanda nalo Machame na kurudi, na puti ikaanza kubanduka vipande vipande kama ukoko wa ugali sufuriani. Madigadi ikarudi chini palepale ilipokuwa, sasa ikiwa na matundu makubwa kuliko mwanzo.

Nilikata tamaa, nikalifunika turubai. Kilichonitoa ni lile tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024. Nimesimama kando ya barabara natazama magari yanavyopita, mengine makongwe kuliko langu, boneti zimenyooka, na mimi la kwangu liko nyumbani Moshi limejificha. Nikaanza kuuliza wenye magari nani amewatengenezea mbele. Wawili wasiofahamiana wakanitajia mzee mmoja. Hapa nitamwita Mzee tu, hapendi mambo ya mitandaoni.

Nilipofika nikamwamkia, tukaongea kidogo habari za Kilimanjaro, halafu nikamwonyesha ile pengo ya boneti. Hakuitazama. Alichukua tochi na bisibisi, akalala chini ya gari, nikabaki naongea na viatu vyake. Baada ya muda akaniita nami nikainama. Kati ya injini na kebini kuna ule ukuta wa chuma unaobeba dashibodi, bawaba za milango na sehemu ya nyuma ya madigadi. Ukuta huo umesimama kwa miguu miwili iliyofungwa kwa bolti kwenye mikono ya chasisi. Mzee akasukuma bisibisi kwenye mguu wa kushoto, ikazama kama kwenye papai lililoiva.

"Unataka ninyooshe pua wakati mguu ndio umevunjika?"

Hapo nikaelewa kwa nini laki na themanini yangu iliyeyuka. Watu husema Land Rover haishiki kutu kwa sababu bodi ni alumini. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Gari hili lilizaliwa mwaka 1948, Uingereza ikiwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, ndiyo maana mabati ya nje yakatengenezwa kwa alumini. Lakini chasisi ni chuma, ukuta ni chuma, na shoo ya mbele inayoshika rejeta ina fremu ya chuma. Vinavyooza ni vile usivyoviona. Tena alumini na chuma vikikaa pamoja vikilowa vinakulana. Mzee alifungua bolti moja ya madigadi, ukamwagika unga mweupe kama wa muhogo.

Kabla ya kukata chochote alipima chasisi. Alifunga uzi kutoka mguu wa kushoto wa ukuta hadi tundu la bolti ya shoo upande wa kulia, kisha akakatisha upande wa pili, kama herufi X. Tofauti milimita nne. Akaitikia kwa kichwa. Chasisi ingekuwa imepinda, alisema, asingegusa bodi mpaka inyooshwe kwanza, maana ungekuwa unamvalisha suti mtu mwenye kibiongo.

Utaratibu wake ndio uliostahili pesa yangu. Alichomelea mguu mpya wa bati la milimita tatu. Halafu akafunga milango kabla ya madigadi, jambo nililoliona la ajabu, kumbe mlango ndiyo rula yake. Ukuta ukilalia nyuma, nafasi ya mlango inabana juu na kuachia chini. Alikuwa akiingiza vipande vyembamba vya bati chini ya mguu, kimoja kimoja, anafunga mlango, anachungulia, anafungua, hadi nafasi ikalingana juu mpaka chini. Kazi hiyo peke yake ilimla asubuhi nzima.

Kisha shoo. Raba zilizoikalia kwenye chasisi zilikuwa zimeoza, ya kushoto imebaki kama jani. Mpya hakuwa nazo, akakata za kwake kutoka kwenye mkanda mkuukuu wa mashine ya kusaga, ule wa raba iliyoshonwa na turubai. Nilitia shaka. Nimeshatembea nazo miezi minne, hazijalegea.

Madigadi akazifunga bolti zote lakini zote legelege, akalaza boneti juu yake, ndipo akaanza kusukuma kwa viganja, kidogo huku, kidogo kule, akikaza kwa spana ya 7/16 mara moja kushoto mara moja kulia. Yale matundu yaliyopanuliwa na fundi wa kwanza aliyafunika kwa wosha pana. Alisonya kila alipokutana na moja.

Sasa sehemu niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya niandike. Madigadi ya kushoto ilikuwa imevimba pale ilipogongwa. Alumini ukiigonga baridi inatanuka na kuwa ngumu, haikubali kurudi. Mzee alitoa kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia, akaipaka kwenye bati kavu kama mtoto anayechora kwa chaki. Akawasha gesi, akawa anapitisha moto kwa mbali, mkono hautulii. Sabuni ikageuka njano, ikawa kahawia, na ilipoanza kuwa nyeusi akaondoa moto hapohapo. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo macho hayakusaidii, rangi ya sabuni ndiyo inayokwambia joto limetosha. Bati lilipopoa aligonga kwa nyundo ya mbao, kigogo kwa nyuma, na likasikia. Alibakiza puti nyembamba ambayo ukucha unaitosha kuikwangua.

Matokeo: nafasi ya boneti sasa ni kama milimita sita pande zote, isipokuwa kona ya nyuma kulia ambako ni nane. Nilipoionyesha kona hiyo Mzee akacheka. "Kijana, hii siyo Corolla. Hata kiwandani hazikutoka hivyo unavyotaka." Taa zinatazama mbele. Mlango unafunga bila goti.

Alinishauri pia niondoe tairi la akiba juu ya boneti. Saizi ya 7.50-16 na rimu yake ni mzigo, na kwenye barabara ya vumbi linaitwanga boneti kilomita baada ya kilomita. Nimelihamishia nyuma kwenye bodi. Linanikera kwa sababu linakula nafasi ya mikungu miwili, lakini boneti sasa naiinua kwa mkono mmoja.

Malalamiko ninayo. Aliniambia siku nne, zikawa kumi na moja, na simu alikuwa anapokea anapotaka. Nimesafiri Moshi na Arusha mara tatu bure, kilomita themanini kwenda peke yake. Risiti hakuna, kila kitu kichwani. Rangi aliyogusia haifanani na ya zamani, ukisimama juani unaona kiraka, ingawa alisema mapema kwamba yeye si mtu wa rangi. Malipo yalikuwa laki nne na nusu za ufundi, vifaa nilinunua mwenyewe. Si rahisi, lakini ukijumlisha na ile laki na themanini niliyotupa, bora ningeanza kwake.

Na kijana wake mmoja alichanganya bolti. Gari hili ni la nati za inchi, yeye akakazia mbili za milimita kwenye shoo, zimeingia kwa nguvu na nyuzi zimeharibika. Niliziona nikiwa nyumbani naosha gari. Nilimpigia Mzee, akakaa kimya kidogo, akauliza ni upande gani. Nikamwambia kulia. "Lete Jumamosi, nazitoa mwenyewe, hulipi." Leo ni Alhamisi, bolti mpya za inchi nimeshazipata, ziko kwenye bahasha ndani ya dashibodi.