Mimea ya maua kwa bustani za pwani: ipi inunuliwe kwanza

Anayenunua miche ya maua Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hana budi kuuliza mmea utaishije baada ya masika, mvua ikiwa imekatika na maji ya kumwagilia yakiwa ya kulipia, kabla ya kuuliza unachanua rangi gani. Kwa kigezo hicho nimeipanga mimea mitano, nikianza na ulio bora.

Wa kwanza ni bogenvilia. Ukishashika mizizi, mmea huu wenye asili ya Amerika ya Kusini huvumilia ukame na upepo wa bahari, tena huchanua zaidi udongo unapokauka kidogo, hivi kwamba anayeumwagilia kila siku na kuurundikia samadi huambulia majani matupu. Upandwe penye jua la kutosha, mbali na njia wanapokimbilia watoto, kwa sababu una miiba. Mizizi yake hukatika upesi. Kwa hiyo kiriba, yaani mfuko ulioshika mche na udongo wake, kichanwe kwa wembe, wala mche usivutwe kwa shina.

Wa pili ni sansevieria, mmea ulio jamaa wa masale ya Wachaga, nao hustahimili hata kivuli cha baraza. Humwagiliwa pale tu udongo unapokauka kabisa, kwani maji yakituama huoza. Chagua chungu chenye machipukizi mengi, uyagawe mwenyewe. Fedha ya mche mmoja itakupa kadhaa.

Adeniamu, mzalia wa Afrika Mashariki mwenye shina nene linalohifadhi maji, ningeuweka wa pili lau si utomvu wake, ambao ni sumu iliyopakwa mishale ya wawindaji. Haufai nyumba yenye mtoto anayetambaa. Libonyeze shina kabla ya kulipa: likiwa laini, limeanza kuoza.

Asumini ni wa nne kwa kuwa hudai maji na kupogolewa mara kwa mara, ingawa anayependa vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia wanavyojipamba navyo wanawake wa pwani, hatajali mpangilio wangu.

Waridi nimeliweka mwisho. Hustawi Lushoto na Arusha kwenye ubaridi, lakini joto na unyevu wa pwani huliletea madoa meusi ya majani, na dawa za kupulizia hazina mwisho.

Kwa miche yote, muuzaji aombwe kuinua kiriba: mizizi iliyojizungusha chini huonyesha kuwa mche umekaa kitaluni kupita kiasi, hata ukiwa umejaa maua.